Shemeji Kifungu na Simu ya Chumba cha Habari

Shemeji yangu anakula polepole. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza nililolijua juu yake, na ukiweza kuvumilia kula naye meza moja utakuwa umekwisha kumjua nusu. Siku mume wangu aliponipeleka kwao kunitambulisha, sisi sote tulikuwa tumeshanawa na kuegemea viti, yeye bado anasikilizana na kipande cha nyama kana kwamba wana kesi. Ndipo akainua macho akaniuliza, "Wewe ndiye unayesoma habari redioni?" Nikasema ndimi. Akatafuna kidogo. "Na nani anaamua usome nini?"

Niliona amenitukana mbele ya wakwe. Nikamjibu kwamba tunaamua wenyewe mimi na wenzangu, naye aendelee tu kutafuna asije akakesha hapo. Mama mkwe alicheka mpaka akajishika ubavu, na tangu siku hiyo utani wangu na shemeji haukuwa na breki. Jina la Kifungu nimempa mimi. Watoto wakigombania kiti, yeye anauliza kifungu gani kinampa nani kiti. Kaka yake akichelewa kurudisha nyundo, kifungu. Baadaye jina likafika chuo kikuu alikokuwa akifundisha sheria, wanafunzi wakaliandika kwa chaki kwenye mlango wa ofisi yake, naye akaliacha mpaka mvua ilipolifuta.

Msidhani alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa mhadhiri wa kawaida, mwenye koti moja la kahawia na baiskeli yenye kengele mbovu, ambaye mkewe muuguzi alikuwa akimkumbusha kunyoa. Baba yao alikuwa fundi wa milango. Mzee yule akimaliza kufunga mlango na kitasa chake, hakumkabidhi mwenye nyumba hapo hapo. Aliwatoa wanawe nje, akajifungia ndani, akawaambia waibe. Wakifanikiwa kuingia, kazi inaanza upya. Mume wangu alijifunza pale kuchukia mbao, akaenda kuuza viatu. Kifungu alijifunza kitu kingine, ambacho mimi nilikuja kukielewa nikiwa nimeshaumia.

Kazi yangu ilikuwa kusoma taarifa ya habari ya saa saba mchana. Redio ilikuwa moja tu nchi nzima, ya serikali, na katika chumba cha mhariri mkuu, kando ya chupa ya chai, ilikuwepo simu ya kijivu. Simu hiyo ilikuwa na tabia ya kulia muda mfupi kabla ya taarifa. Aliyepiga hakuwahi kujitaja. Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu aliyeshiba, inauliza hali za nyumbani kwanza, kisha inasema habari fulani ingefaa ipumzike. Tulimwita Mjomba. "Mjomba kapiga," mtu ananong'ona, na penseli ya mhariri inapita juu ya karatasi. Huenda walikuwa wajomba watatu wenye sauti zinazofanana, hatukujua, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kujua.

Siku moja tulikuwa na habari ya mtaa mmoja ambao maji ya bomba yalikuwa yamewaumiza watoto, na ofisi inayohusika ilikuwa ikijua. Mjomba akapiga. Mhariri akaja mbio na karatasi iliyokatwa, lakini mimi nilikuwa nimeshaingia studio na nakala ya kwanza, na taa nyekundu imewaka. Nikaisoma. Mtu mwenye watoto asome nini tena? Kesho yake nikaambiwa, kwa mdomo tu, bila barua, kwamba nahamia maktaba ya kanda za sauti.

Maktaba ya kanda kilikuwa chumba kisicho na dirisha, chenye harufu ya siki ya kanda zilizozeeka. Kazi yangu ikawa kuzipangusa vumbi na kuzipanga. Nilikuwa nikizisikia hatua za wenzangu wakikimbilia studio juu yangu, saa saba ikikaribia. Sikuumbwa kunyamaza, yeyote aliyewahi kunioa atakwambia. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu: kwamba nitazeekea pale, na sauti yangu itakwisha bila kurudi hewani.

Kisha ukaja uchaguzi, na wakaingia viongozi wapya, wakiwa wameahidi kwamba redio ya serikali itakuwa redio ya umma. Kuahidi ni rahisi. Walipokaa kitako wakagundua kwamba hakuna anayejua redio ya umma inaandikwaje kwenye sheria. Wakaomba kitivo cha sheria kiwaandikie muswada. Wakateuliwa watatu. Wa kwanza alikuwa Profesa, mama wa makamo aliyemfundisha Kifungu mwenyewe, mfupi, mwenye macho ya kuchokonoa. Wa pili alikuwa kijana aliyerudi karibuni na shahada yake ya udaktari, ambaye hakuwahi kuonekana bila tai hata kwenye jua la mchana, tukamwita Tai. Wa tatu ni huyu wetu. Vyumba vya kitivo vilikuwa vimechukuliwa kwa mitihani, kwa hiyo wakaja kufanyia kazi nyumbani kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa na meza kubwa aliyoitengeneza baba mkwe, na kwa sababu Kifungu alijua nikirudi kutoka kwenye vumbi langu nitawapikia chai.

Nimeona watu wengi wakifanya kazi, lakini sijaona kazi kama ile. Waliijaza meza vitabu vya sheria za nchi nyingine, wakasoma wenzetu walifanyaje, walikosea wapi. Walibishana juu ya bodi: nani aiteue, ili isiwe ya mtu mmoja. Walibishana juu ya mkurugenzi: nani anaweza kumfukuza, na kwa sababu zipi tu. Waliandika kwamba wakati wa uchaguzi kila chama kipewe nafasi yake, na kwamba mawimbi yafike hata kule kusiko na mfanyabiashara wa kutangaza sabuni. Na kila kifungu kilipokwisha kuandikwa walifanya ule mchezo wa fundi wa milango. Mmoja wao anakuwa mwizi. Anakisoma kifungu kama mtu mbaya anayetaka kukivunja bila kushikwa, na wengine wanaziba matundu. Mara nyingi mwizi alikuwa Kifungu, maana alikuwa na uso wa mtu asiyeweza kuiba hata usingizi, na ndiyo sababu alikuwa hatari. Nilikuwa nasimama mlangoni na birika, namwambia Profesa ahesabu vijiko vyangu kabla shemeji hajaondoka.

Kifungu kimoja tu hakikuibiwa. Kilikuwa cha kumi na mbili, kile cha kuzuia watu wa nje kuingilia habari, na Profesa ndiye aliyekiandika. Sikikumbuki neno kwa neno, lakini kilisema kwamba mtu yeyote, awe na cheo gani, asithubutu kuagiza habari isomwe au isisomwe, na atakayethubutu atashtakiwa. Alipokisoma kwa sauti, Tai alisimama wima. Mimi nilipiga makofi kutoka jikoni nikiwa na mikono ya sabuni. Kilikuwa kizuri mno, wakawa kama wazazi wanaompenda mtoto wao, hawakutaka kumpekua mifuko. Wakageuza ukurasa wakaenda cha kumi na tatu.

Muswada ulipokaribia kwisha, Kifungu akaomba ruhusa akae chumba cha habari siku kadhaa, auone mlango wenyewe. Akapewa kiti kando ya chupa ya chai. Wenzangu walinisimulia kwamba alikaa pale kama mgonjwa anayengoja kuitwa, na kwamba mhariri alimsahau kabisa. Siku moja simu ya kijivu ikalia. Uongozi ulikuwa mpya lakini Mjomba alikuwepo, au mwingine alikuwa ameshakirithi kiti chake. Chumba kilikuwa kidogo na sauti ikavuja. "Mimi simwamuru mtu," ilisema. "Nashauri tu, kama mzazi." Penseli ikapita juu ya karatasi. Kifungu akamuuliza mhariri aliyepiga ni nani.

"Simjui," alisema mhariri. "Na hata ningemjua, simjui."

Siku ile shemeji aliingia kwangu bila kunitania, nikajua kuna jambo. Wenzake walikuwa wameshaketi. Akasema kifungu cha kumi na mbili hakijaibiwa, na kwamba yeye sasa ndiye mwizi. Kisha akabadili sauti, ikawa ya upole na ya kushiba, ile ya Mjomba. Akasema: mimi nimepiga simu, nani atanishtaki? Mhariri? Nitasema nilimpigia kumsalimia, na kwa kweli nilimsalimia. Ushahidi uko wapi? Na kabla kesi haijatajwa, shahidi wenu atakuwa anapangusa kanda. Hakunitazama aliposema hivyo. Profesa aliweka kalamu chini.

Lakini lililofuata ndilo lililonichoma. Kifungu alipendekeza wafute marufuku yote. Watu wapige simu, alisema. Serikali ipige, matajiri wapige, kila anayetaka habari itolewe au ibadilishwe aseme. Ila ombi lake litaandikwa pamoja na jina lake na ofisi yake, na litasomwa hewani katika taarifa ile ile, kabla ya habari yenyewe. Asiyetaka kutaja jina, basi hakupiga. Na msomaji aliyesoma asihamishwe kwa kusoma.

Sikuisikia ile sehemu ya mwisho. Nilichosikia ni kwamba wapige. Msimu mzima nilikuwa nimelala na kuamka na kile kifungu kizuri, nikikiona kama ngazi ya kunitoa kwenye kile chumba, halafu mtu wa nyumbani, tena shemeji yangu niliyempenda, anakuja kuivunja mezani kwangu mwenyewe. Niliweka birika chini.

"Shemeji, umeniuza," nikamwambia.

Yeye akasema tu nimpe muda. Nikamwambia muda ninao tele, umejaa kule chini kwenye kanda. Kuanzia hapo niliwapikia chai wawili. Yeye nilikuwa namruka, na utani ukafa, na nyumba ikawa na ubaridi ambao hata watoto waliuona. Mume wangu akajaribu kutusuluhisha, nikamwambia aende akauze viatu.

Tai naye alipinga, akasema wananchi watadhani wanasheria wamemhalalisha Mjomba. Profesa akaichukua karatasi akaenda nayo kwake. Aliporudi alikuwa amevimba macho kwa kukosa usingizi. Akaiweka mbele ya mwanafunzi wake wa zamani akasema amejaribu kukiiba kila upande na ameshindwa, na kwamba kile chake cha zamani kilikuwa wimbo, siyo kifungu. Nilimheshimu sana mama yule siku hiyo, ingawa Kifungu nilizidi kumkasirikia. Hasira haisikilizi maprofesa.

Ukafika wakati wa kamati ya bunge kuwahoji. Nikaomba ruhusa nikaenda, nikakaa nyuma kabisa, nimekunja mikono. Mjumbe mmoja mwenye sauti nzito aliusoma ule mstari, akauliza hasa lile lililokuwa moyoni mwangu: wasomi hawa wanawezaje kumruhusu mtu kupiga simu redioni na kuomba habari iondolewe? Watu wakaguna. Kifungu akasimama na koti lake, akachukua muda wake kama yuko mezani na nyama.

"Mheshimiwa," alisema, "tulianza kwa kumkataza. Tukaona tunamkataza mtu asiyeonekana, na mtu asiyeonekana hakatazwi. Sasa tunamwomba aonekane, basi. Mwenye ombi la haki hatakuwa na shida likisomwa na nchi nzima ikalisikia. Mwenye ombi la aibu atajikataza mwenyewe." Tukadhani amemaliza, akaongeza: "Na wapo wasomaji wenye sauti nzuri ya kulisoma. Mmoja wao, mnapokaa hapa, anapangusa vumbi."

Hakujua nipo. Nilitazama sakafu, hasira yote ikanitoka miguuni. Nilikuwa nimeelewa. Ningemfuata pale pale nimwombe radhi, lakini kiburi nacho kina miguu yake. Nikatoka kwa mlango wa pembeni nikarudi kwenye kanda zangu.

Sheria ilipita, siyo yote waliyoitaka. Wajumbe wawili wa bodi walibaki mikononi mwa waziri, na sehemu ya maeneo ya mbali ilipunguzwa meno. Tai alivua tai yake siku hiyo kwa uchungu, tukamwona shingo kwa mara ya kwanza. Kifungu cha kumi na mbili kilibaki kama walivyokiandika. Nami nikarudishwa saa saba.

Wasichana wanaosoma habari siku hizi hawajui habari za Mjomba. Wanadhani mhariri siku zote amekuwa mtu wa kulala usingizi, na kwamba redio ilizaliwa ya kwao. Wala siwalaumu, mlango mzuri haukumbushi watu fundi wake. Lakini mimi namkumbuka, nawakumbuka wote watatu, na kila nikimwona shemeji sasa, amestaafu, anakula polepole kuliko zamani, najisikia nina deni ambalo silioni zito. Ndiyo maana nimeandika.

Haikupita muda mrefu baada ya kurudi kwangu, tukapata tena habari ya ule mtaa. Maji yalikuwa bado ni yale yale. Mwandishi wetu alikwenda mwenyewe, akarudi na sauti za akina mama. Nilisimama mlangoni kwa mhariri nikisubiri nakala yangu, na saa ya ukutani inakaribia saba, simu ya kijivu ikalia.

Mhariri aliitazama kama anayeangalia nyoka. Akainua. Nikaisikia ile sauti ikimuuliza hali za nyumbani, halafu ikasema hii ya maji ingefaa ipumzike kidogo. Mhariri akavuta karatasi. Akashika kalamu.

"Sawa, mzee, tumelipokea ombi lako," alisema. "Tutalisoma sasa hivi kabla ya habari yenyewe. Niandike jina gani?"

Upande wa pili kukawa kimya. Siyo kimya cha simu mbovu; mtu alikuwepo, nilisikia pumzi. Kisha kikasikika kishindo kidogo. Mhariri alibaki na mkono wa simu sikioni, karatasi mbele yake haina hata herufi moja.

"Amekata," alisema. Akanikabidhi nakala yangu, haina alama ya penseli popote. "Nenda kasome, dada."

Nikasoma. Jina la mtaa nililisoma wazi, nikaendelea. Nilipotoka studio sikungoja chai wala pongezi. Nilizikunja karatasi nikaziweka kwenye mkoba, nikaenda chuo kikuu kwa miguu, nikapanda ngazi za kitivo mpaka kwenye ule mlango uliowahi kuandikwa kwa chaki. Kifungu alikuwa ameketi karibu na dirisha, anasahihisha mitihani kwa mwanga wa nje. Tangu siku ya birika hatukuwa tumesemezana zaidi ya salamu. Nikamuuliza kama amesikia.

"Nisikie nini?" akasema. "Umeme umekatika tangu asubuhi."

Nikacheka, halafu nikaona nalia, nikakaa kwenye kiti cha wanafunzi. Nikamwambia Mjomba kapiga. Nikamwambia kaulizwa jina. Kalamu akaiweka chini polepole kama anavyofanya kila kitu, akauliza alisema nini. Nikamwambia alikata. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti, akaifuta tena ilhali ilikuwa safi.

"Asante, shemeji," nikasema. "Yale niliyokwambia mezani kwangu nayafuta."

"Kwa kifungu gani?" akauliza, lakini sauti yake haikuwa sawa, na wala hakuweza kunitazama. Akavuta kiti chake karibu. "Zile karatasi unazo? Hebu nisomee basi. Yote, usiruke."

Nikasimama pale katikati ya ofisi, nikazinyoosha karatasi, nikamsomea taarifa ya habari ya saa saba, kuanzia salamu, nikaja kwenye maji ya ule mtaa na maneno ya akina mama, mpaka hali ya hewa, na hakuna aliyenikatiza.